Mateka wa Bi Vige

Nianze na ukweli: mimi sikumpenda Bi Vige. Leo watu wakinisikia namsifu wanadhani tumetoka mbali pamoja. Wapi! Nilimwona mwizi, nikamtendea kama mwizi, Mungu anisamehe.

Kazi yangu ni kutunza makumbusho ya watakatifu wa mbao hapa mjini kwetu, kando ya kanisa. Makumbusho ni jina la heshima tu. Ni nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa ghala la tumbaku, na mvua ikinyesha harufu ya tumbaku bado inatoka sakafuni. Nilipika katika shule ya mji miaka thelathini na mmoja, nikastaafu, kisha kamati ikanipa ufunguo kwa sababu, walisema, Monserrate Quiles hachezewi. Nakata tiketi, nafagia, napangusa vumbi, na watoto wa shule wakigusa vioo nawakaripia mpaka mwalimu wao naye anatoa mikono mfukoni. Watakatifu wenyewe ni wadogo, hakuna anayezidi urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi kiganja. Babu zetu waliwachonga kwa visu vya kawaida, wakakaa majumbani, na kila mama akawapaka rangi upya kwa rangi yoyote iliyobaki alipopaka dirisha. Wako Wafalme Watatu juu ya farasi zao. Yuko Bikira wa Monserrate, wajina wangu, na fahali aliyepiga magoti mbele yake. Na yuko Antoni.

Antoni wetu ana kanzu ya bluu; chini ya bluu iko ya kijani, na chini ya kijani iko ya kahawia. Mkono wa kushoto ameunyoosha mbele, na kiganjani pana kitundu. Hapo ndipo huchomekwa Mtoto Yesu, lakini huyu wetu alitufikia bila Mtoto. Kikaratasi chake kilisema: "Mtakatifu Antoni. Mchongaji hajulikani. Mtoto amepotea."

Basi mwaka ule, baada tu ya Pasaka, akaanza kuja Bi Eduvigis Maldonado, yule sote tunayemwita Bi Vige. Kila Jumatano, saa nne asubuhi. Mwanamke mwembamba wa miaka sabini na miwili, mkoba mweusi kaukumbatia kifuani kwa mikono miwili. Nilimjua kwa sura, mke wa Mzee Toribio, yule anayecheza dhumna uwanjani na kupiga meza mpaka njiwa wa kanisa wanaruka. Anakata tiketi, anawapita Wafalme, anampita Bikira, anasimama mbele ya Antoni nusu saa nzima. Mara afungue mkoba, mara aufunge. Akinisikia nasogea, anatoa leso kujifuta jasho.

"Kuna shida, Bi Vige?"

"Hakuna, mwanangu. Natazama tu."

"Na hawa wengine hawatazamwi?"

"Nitawatazama siku nyingine."

Jumatano ya pili, yale yale. Ya tatu, yale yale. Nikaanza kuhesabu watakatifu kila anapotoka. Jumatano ya tano uvumilivu ukaniisha, na mimi nikikasirika ulimi hauulizi ruhusa. Nikamwambia, "Bi Vige, kabati hili lina kufuli, na ufunguo nalala nao."

Akanitazama, midomo ikimcheza. "Vizuri, mwanangu," akasema. "Ulale nao." Akaondoka polepole, nami nikajiona mjanja kweli kweli.

Sikukuu ya Antoni ni tarehe kumi na tatu mwezi wa sita. Kamati ikaona ni aibu mwenye sikukuu akae mikono mitupu, ikamwagiza Cándido Rentas amchongee Mtoto mpya. Cándido ni mchongaji, mwana wa mchongaji, mjukuu wa mchongaji; kidole kimoja cha mkono wa kushoto kilikwenda na tezo akiwa kijana. Ni mtu wa sauti ya chini, hana haraka na lolote. Alikuja Jumatano asubuhi kupima lile tundu. Nikamfungulia kabati, akamtoa Antoni, akamlaza juu ya taulo, akaanza kuchokonoa tundu kwa kijiti.

Bi Vige akaingia. Akaona kabati li wazi na mtakatifu amelazwa chali.

"Mnamfanya nini?"

"Nampima, Bi Vige," Cándido akamjibu. "Namtengenezea Mtoto."

"Usimchonge!"

Hakupiga kelele nyingi, ila aliketi sakafuni palepale, sketi imemzunguka, mkoba bado kifuani. Cándido akakimbilia maji. Mimi nikakimbilia mlango, nikaufunga. Nilisema moyoni, leo ndiyo leo.

"Bi Vige, nakuheshimu kama mama yangu, lakini leo utasema. Fungua huo mkoba."

Nilitegemea ataruka juu, atanisuta, ataniita mbea. Wapi! Akafungua. Akatoa rozari, akatoa funguo, akatoa kopo la peremende la bati lililokwisha rangi. Ndani ya kopo pamba, na ndani ya pamba Mtoto Yesu wa mbao, mdogo kama kidole gumba, uchi, mashavu yamepakwa rangi ya waridi, na kijiti cha kuchomekea kikitokeza makalioni.

"Toba!" nikasema. "Uliiba!"

"Sikuiba. Nilimteka."

Hapo hasira ikanitoka yote kwa mkupuo, kwa sababu hilo nalielewa. Kwetu hakuna mwanamke asiyelielewa. Antoni ndiye mtakatifu wa wachumba, na kwetu mtakatifu haombwi tu, hubanwa. Ukimtaka mume, unamgeuza Antoni aangalie ukuta. Akikaidi, unamzamisha kisimani. Akikaidi zaidi, unamnyang'anya Mtoto na kumwambia: ukinipa wangu, nitakupa wako. Mimi mwenyewe nilimweka kichwa chini ndani ya pipa la mchele wiki tatu, nikampata Rafael, na kama nilipata au nilipatikana hayo ni mazungumzo ya siku nyingine. Lakini mume akija, Mtoto anarudi siku hiyo hiyo! Hilo hata mtoto mdogo analijua.

"Lini?" nikauliza.

"Nikiwa na miaka ishirini." Alikuwa anakitazama kile kidude kiganjani. "Nilikuwa nachambua tumbaku nyumbani kwetu, kule mlimani. Toribio alikuwa anapita na farasi kuchukua magunia. Wenzangu wote anawatania, mimi hanitazami hata kwa bahati mbaya. Mwezi wa nne nikamvua Antoni wa mama yangu Mtoto wake. Mwezi wa tano Toribio akaja nyumbani kuniposa, amevaa viatu."

"Basi Antoni alitimiza," Cándido akasema.

"Alitimiza."

"Na wewe je?"

Bi Vige akainamisha kichwa. "Niliogopa. Nikasema nitamrudisha baada ya harusi, isije ikavunjika. Harusi ikapita. Nikasema nijifungue kwanza. Nikajifungua watatu. Kisha akapita yule mnunuzi wa mjini, yule aliyekuwa anabadilisha watakatifu wa mbao kwa wa plasta wanaong'aa. Mama akampa Antoni, akapewa Bikira mwenye macho ya kioo. Nilipoambiwa nililia mbele za watu, na moyoni nikashusha pumzi. Nikasema, sasa hata nikitaka kumrudisha siwezi."

"Ahadi ni deni, Bi Vige."

"Kwani nimekataa?" Akaniinulia macho makali, mara ya kwanza namwona nayo. "Unadhani nimekula raha, Monse? Miaka hamsini na miwili! Akienda kununua mkate nasimama dirishani mpaka arudi. Wenzake walipokwenda New Jersey kuchuma nyanya, nilijitia ugonjwa wa tumbo siku tisa ili asipande ndege. Watu wanatusifu, ooh, Vige na Toribio hawajawahi kugombana. Ningethubutu vipi? Ukimfunga mtu kwa kamba ya wizi, utampigia kelele? Sijawahi kujua hata siku moja kama yule mtu ananipenda au amefungwa tu."

Nje tulisikia dhumna zikigongwa mezani.

"Mjane wa yule mnunuzi akawarudisha watakatifu hapa," akaendelea, "na mimi nikaja. Kila Jumatano nilikuja nimrudishe. Kila Jumatano mkono ukakataa. Nikimrudisha, Toribio anaondoka. Na wewe, Cándido, ukimpa Antoni Mtoto mwingine, hana haja tena na huyu wangu, na Toribio anaondoka vilevile."

"Aondoke aende wapi?" nikasema. "Ana miaka sabini na sita, na goti moja halikunji!"

"Kuondoka kuna namna nyingi, mwanangu."

Nilikumbuka nilivyomwambia nalala na ufunguo, aibu ikanipanda mpaka masikioni. Wiki saba mwanamke huyu alikuwa anasimama pale anabeba roho ya mumewe mkobani, na mimi kazi yangu kuhesabu sanamu.

Cándido akamchukua Mtoto kwa vidole viwili, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Ni mkono uleule uliomchonga Antoni," akasema. "Tazama masikio yalivyochongwa kwa pigo moja. Mimi sichongi mwingine wakati huyu yupo. Lakini kumrudisha siwezi, wala Monse hawezi. Anayemtoa ndiye humrudisha." Akamrudishia kiganjani, na Bi Vige akafunga vidole.

Sasa tufanyeje? Yeye anataka na hataki. Tungekaa pale mpaka sikukuu. Mimi nina hasira za haraka, na miguu yangu hufuata hasira, lakini safari hii sijui kama ilikuwa hasira. Nikafungua mlango.

"Unakwenda wapi? Monse! Usimwite! Nakuomba, usimwite!"

Nilikuwa nimeshafika uwanjani. "Mzee Toribio," nikasema, "njoo. Mkeo ameketi sakafuni makumbusho, hataki kuinuka."

Jamani, yule mzee! Alisimama kiti kikaanguka, akavuka uwanja na lile goti lake bovu, vipande vya dhumna bado mkononi, anaita "Vige! Vige!" Mbwa wa mwuza maandazi akamfuata anabweka. Alipofika mlangoni akamwona mkewe amekaa macho makavu, mzima, akaegemea mwimo wa mlango na kupiga ishara ya msalaba.

"Umeanguka?"

"Sijaanguka, mzee."

"Kichwa kinauma? Kifua?"

"Siumwi."

"Sasa, mwanamke, umekaa chini hapo kwa starehe gani?"

Bi Vige akajifunika uso kwa leso, akamwambia yote kutoka nyuma ya leso. Alimwambia haraka haraka, bila kupumzika, tumbaku, mwezi wa nne, mama yake, Bikira wa plasta, nyanya za New Jersey. Toribio alisikiliza amesimama. Akamtazama Mtoto, akamtazama Antoni aliyelala juu ya taulo, akamtazama mkewe. Nikajiandaa kwa lolote. Mwanaume wa umri ule aambiwe kuwa alivutwa kwa kamba kama mbuzi! Cándido naye alikuwa amekwisha kusogeza patasi zake mbali.

"Mwezi gani ulisema?" Toribio akauliza.

"Eeh?"

"Ulimvua Mtoto mwezi gani?"

"Wa nne. Baada ya Pasaka."

Toribio akajipiga paja kwa kiganja, pa! "Haki ya Mungu, mwanamke wewe! Mimi nilizungumza na baba'ko mwezi wa pili!"

Leso ikashuka.

"Siku ya Mishumaa," Toribio akasema. "Ule moto ukiwaka mbele ya kanisa, na watu wanaimba. Nikamvuta Mzee Higinio pembeni, nikamwambia namtaka Eduvigis. Akaniambia, subiri tumbaku iishe, huyu ndiye mwenye mikono ya haraka nyumbani, sikupi sasa. Tena usimtazame, akasema, usije ukaniharibia mchambuaji. Miezi mitatu! Miezi mitatu napita pale kwenu, nawatania wenzako wote, na wewe ukiwepo natazama masikio ya farasi!"

"Uongo."

"Na tandiko je?"

"Tandiko gani?"

"Tandiko jipya la baba'ko. La ngozi, lenye misumari ya shaba."

"Lile alilinunua mjini Ponce."

"Alilinunua na nini, maganda ya ndizi? Lilikuwa langu! Nilimpa ili asibadili neno. Nikapanda farasi juu ya gunia mpaka siku ya harusi, makalio yakachubuka, muulize dada yako Lucila, alikuwa ananicheka!"

Niliona tandiko linamrudia Bi Vige akilini, nadhani hata misumari ya shaba aliihesabu. "Lucila alikuwa anacheka," akasema taratibu. "Kila ukipita. Sikujua anacheka nini."

"Sasa umejua."

"Kwa hiyo... hukuletwa."

"Niletwe na nani? Nilikuja kwa miguu yangu, na viatu vinanibana."

Yule mama mabega yakaanza kumpanda na kushuka. Nilidhani analia. Alikuwa anajaribu kupumua mpaka mwisho, na ikaonekana hajazoea. Kisha akamgeukia Toribio kwa ghadhabu. "Na mbona hukuniambia? Miaka yote hiyo, mbona hukusema?"

Mzee akatazama vile vipande vya dhumna mkononi mwake. Sauti ikamshuka. "Niseme nini? Nilidhani baba'ko alikuambia. Nilidhani alikwisha kupokea tandiko, na wewe ukaitika kwa kumtii. Hujawahi kunigombeza, Vige. Hata nikikosea. Nikasema, huyu ananivumilia tu. Sikutaka kuuliza nikapewa jibu."

"Mimi? Mimi niliyeteka mtoto wa mtakatifu kwa ajili yako?"

"Ndiyo kwanza nasikia leo," Toribio akasema.

Mimi na Cándido tukageuka tukawatazama Wafalme Watatu. Tuliwatazama vizuri sana. Kama mtu angeniuliza siku ile farasi wa Melkiori ana rangi gani nisingemjibu, kwa sababu machozi yalikuwa yananitiririka na sikuwa na leso, nikajifutia kitambaa cha vumbi.

Baadaye kidogo Bi Vige akasema, "Monse, nishike mkono niinuke." Nikamwinua. Hakuwa na uzito wowote. Akaisogelea meza, Cándido akamsimamisha Antoni na kumshikilia kiunoni. Bi Vige akakisogeza kile kijiti kwenye tundu la kiganja, kikagoma, akakizungusha kidogo, kikaingia mpaka mwisho na kulia kiii. Mtoto akakaa. Alikaa amepinda kidogo, kama alivyozoea kupinda, na Antoni akaonekana amepata kitu cha kutazama.

"Nisamehe, baba," Bi Vige akamwambia. "Nimechelewa."

"Umwombe msamaha wa nini?" Toribio akadakia. "Huyo hata kazi hakuifanya! Kazi niliifanya mimi na tandiko!"

"Mzee, taratibu," Cándido akasema. "Sikukuu yake ni wiki ijayo."

Bi Vige alikuwa ameshika ukingo wa meza, hageuki. Nilimwelewa. Miaka hamsini na miwili alijua kitakachotokea Mtoto akirudi, na sasa amerudi. Akageuza shingo polepole sana mpaka akamwona mumewe pale mlangoni.

"Upo?" akauliza.

"Nipo. Na nina njaa. Jana ulisema leo wali na mbaazi."

Wakatoka. Nikawafuata mpaka ngazini, nikijisemea nafagia. Toribio alikuwa amemshika mkono chini ya kiwiko, na walikuwa hawajafika hata katikati ya uwanja nikamwona amesimama.

"Hebu ngoja," akasema. "Na lile tumbo?"

"Tumbo gani?"

"Tumbo la New Jersey! Siku tisa nimekukanda na mafuta, nimekupikia uji, ndege imekwenda na wenzangu wote, kumbe huna hata upepo?"

"Ulipika uji mbichi!"

"Mbichi?"

"Mbichi! Nilikuwa naumwa tumbo kweli siku ya nne, kwa uji wako!" Sauti yake ilipanda, nyembamba, kali, sauti ambayo mji huu haujawahi kuisikia. Wacheza dhumna wakageuka wote. "Na huo mchezo wako wa dhumna, kila siku mpaka saa saba, chakula kinapoa, nimekinyamazia miaka na miaka, sikinyamazii tena!"

"Hee! Leo umepata ulimi?"

"Nimepata! Kama hutaki, nenda zako! Njia ile pale!"

Alilisema mbele ya watu wote, mkono umenyooshwa kuelekea barabara ya Ponce, na kisha yeye mwenyewe akashtuka kwa alichokisema. Toribio akaitazama barabara. Akamtazama mkewe.

"Siendi," akasema. "Endelea kugomba."